Mti Ukianguka Njiani, Usikimbilie Msumeno

Masika yakiisha huku Lushoto, sisi tunaoongoza watu milimani tukikutana stendi swali ni moja: wapi kumeanguka nini? Mvua za Machi hadi Mei zinalainisha udongo wa miteremko ya Usambara mpaka mizizi inakosa pa kushika. Juu nako miti mikubwa ya msitu wa Magamba imebeba mzigo mwingine, yale majani na ndevu zinazoota kwenye gome na matawi, ambazo zikinywa maji zinaulemea mti. Wala haihitaji upepo. Mti unaweza kustahimili dhoruba zote za msimu, halafu ukaja kuanguka usiku umetulia kabisa, mvua imeshakatika.

Kila mti una tabia yake. Miwati ya kandokando ya msitu ndiyo inayoongoza. Mizizi yake ni ya juujuu na umri wake mfupi, kwa hiyo kila mwaka inajilaza njiani bila kuona aibu. Misindano ya upande wa Shume mara nyingi inavunjika katikati. Mkulo ni habari nyingine. Huo ni mti wa asili wa huku, wanasayansi wameupa hata jina la milima yetu, Ocotea usambarensis, na ukizeeka unaoza moyo: kwa nje unauona mzima, ndani ni tundu. Ukianguka huo njiani, hata kundi la vijana wenye nguvu linanyamaza kwanza.

Linanyamaza, halafu linaanza kuniuliza tuutoe vipi. Makundi yanayotoka Dar mwisho wa wiki, fulana za rangi moja, ndiyo yenye hamu zaidi. "Kaka, tuusukume tu. Si tuko wengi?" Wageni wa Ulaya na Marekani wao huuliza kwa upole, ila yuko mmoja aliyefungua begi la mgongoni akatoa msumeno wa kukunja, mpya, akanitazama kama anayeomba ruhusa ya kuwasha sigara. Wote wana nia njema. Wanaona njia imefungwa, wanadhani kuifungua ni wema, na wema haungoji mkubwa.

Jibu langu limekuwa lilelile kwa muda mrefu: kwanza tujue nani mwingine anapita hapa.

Njia ya kutoka Magamba kwenda Rangwi na kuendelea mpaka Mtae, wageni wanaijua kama njia ya matembezi ya siku kadhaa. Kwa watu wa huku vipande vyake vingi ni njia ya kwenda gulioni, shuleni, mashine ya kusaga, zahanati. Mgeni anapita na chupa ya maji na fimbo mbili za kutembelea. Anayemfuata nyuma hana fimbo.

Msimu mmoja wa matunda tulikuta mwati umelala kukatiza njia, kimo chake kinafika pajani. Wageni wangu walivuka kwa kicheko, wakapigana picha wamekaa juu yake. Nyuma yetu akaja mama na tenga la mapeasi kichwani, mtoto mgongoni. Alisimama mbele ya gogo akaliangalia. Mguu hawezi kuuinua kiasi kile bila tenga kuyumba, na kuinama hawezi. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Ngoja tukutue, uvuke, tukutwike upande huu."

"Marahaba mwanangu. Leo utanitua na utanitwika. Kesho?"

Akapita upande wa bonde, pembeni kabisa, vidole vya miguu vimeng'ang'ania majani, mkono mmoja kwenye tenga. Alipofika ng'ambo aliniaga vizuri tu na kuendelea na safari. Aliyewahi kujitwika mzigo peke yake porini anaelewa swali lake: ukishautua hapo, unaweza kukaa mpaka jioni ukingoja mtu wa kukutwika.

Tangu siku ile kimo cha gogo sikipimi kwa goti la mgeni. Napima kwa mzigo wa mtu wa mwisho anayepita kwenye njia ile, na mara nyingi ni mwanamke mwenye tenga au kuni, mtoto wa darasa la kwanza, au mzee. Na mara nyingine ni mgonjwa. Huku bado kuna vitongoji ambavyo gari haifiki, mtu akizidiwa anabebwa kwa machela mpaka barabarani. Wabebaji wanne hawawezi kuruka gogo na machela begani. Njia ya namna hiyo ikifungwa haisubiri mjadala wowote wa mazingira. Anapigiwa simu mwenyekiti wa kitongoji, wanatoka watu na mapanga na mashoka, jioni njia imefunguka. Kikiwa kipande kirefu kilichoharibika, inapigwa msaragambo, kila kaya inatoa mtu.

Mgeni akitukuta kwenye kazi hiyo akitaka kusaidia, karibu sana. Tunampa matawi ayavute pembeni. Ila kuna adabu yake. Mti ulioanguka mara nyingi una mwenyewe. Mgrivea uliotoka kwenye mpaka wa shamba la mtu ni kuni zake, pengine ni mbao zake, labda alikuwa anauhesabia ada ya mtoto. Kwa hiyo tunakata pale tu panapoziba, vipande vinapangwa kando, na hakuna anayeondoka hata na tawi la kuchemshia chai mpaka mwenyewe afike. Nimeona wageni wakikusanya matawi hayo kwa ajili ya moto wa kambini, wakidhani kilichoanguka hakina mtu. Nawaambia warudishe, na wanarudisha.

Ukishavuka mpaka wa hifadhi ya msitu wa asili, mambo yanageuka. Huko msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kukata wala kutoa mazao ya msitu bila kibali, uwe ni mti uliosimama au uliolala. Kuni kavu zina utaratibu wake kwa wanavijiji. Mgeni mwenye msumeno wa kukunja hayumo kwenye utaratibu huo. Akikutwa ndani anakata, ataulizwa maswali, na mimi niliyemwingiza nitaulizwa kwanza.

Lakini tuseme sheria haipo. Bado kuna sababu ambayo niliielewa kwa mzee mmoja wa doria, mtu aliyeuzoea msitu kuliko wengi wetu. Tulikuwa mbele ya mkulo uliofunga njia pana ya zamani, nikamuuliza kwa nini ule haujakatwa na umelala pale muda wote huo. Akaupiga kofi.

"Hili ni geti langu. Halilali, halili, wala haliombi mshahara."

Njia ile pana pikipiki inapita. Mahali pikipiki inapopita mchana na wageni, usiku inapita na mbao. Gogo zima la mkulo hakuna mtu wa kulibeba, lakini ukishalikata vipande vya mita moja ili wageni wapite vizuri, umemrahisishia kazi mwizi: umempasulia mzigo na umemfungulia barabara. Mtembea kwa miguu analivuka kwa dakika mbili, pikipiki haivuki. Wageni wengi nikiwaeleza hilo wanaliangalia gogo kwa jicho jingine, na wale wa fulana za rangi moja wanaanza kulipigia saluti.

Hapo sasa utaniambia: basi ndani ya hifadhi tuache kila kitu. Hapana. Shida kubwa ya mti ulioanguka ni watu wanaouzunguka, na sisi watembeaji ndio hodari wa kuzunguka. Anakuja wa kwanza, anaona matawi yamemjaa usoni, anakanyaga pembeni. Wa pili anafuata nyayo. Mwezi mmoja tu, kuna njia mpya upande wa juu na nyingine upande wa chini, na hazijapangwa na mtu anayejua maji yanakotiririka. Njia nzuri ya mlimani inakwenda ikikata mteremko. Ya mzunguko inashuka moja kwa moja, kwa hiyo mvua ikija inaifanya mfereji. Nimeshuhudia mahali ambapo gogo lenyewe lilishaoza na kuisha, lakini mtaro uliochimbwa na viatu vya waliolikwepa bado upo, unafika kwenye goti.

Na mkulo una jambo lake hapo. Mti huu mbegu zake si za kutegemea sana; kwa sehemu kubwa unajirudishia kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi. Mzee akianguka, watoto wanatokeza kuzunguka pale alipokuwa amesimama. Ndipo hapohapo tunapopitisha mzunguko wetu. Unakuta mtu amepiga picha ya huzuni ya mti mkubwa uliokufa, huku amesimama juu ya wanawe. Siku hizi nikifika penye mkulo mpya ulioanguka nawasimamisha watu kabla hawajatawanyika, nawaonyesha yale majani machanga, halafu nasema tunapita juu ya gogo, mmoja mmoja, mahali pamoja. Wenzetu wa Amani, Usambara ya Mashariki, wana sababu ya ziada ya kuwa wakali: kule kuna mti wa kigeni, Maesopsis, uliopandwa mwanzoni mwa karne ya 20, nao unapenda sana kuotea kwenye uwazi ulioachwa na mti ulioanguka, mbegu zake zikisambazwa na hondohondo. Miche ya asili ikikanyagwa kwenye uwazi kama huo, mgeni huyo hana haja ya kualikwa.

Kwa hiyo kazi halali ya mtembeaji ni ndogo, na inafanyika kwa mikono mitupu. Vunja vitawi vikavu vinavyochoma macho pale pa kuvukia. Kile ambacho watu wawili wanakiinua bila kuhema, kisogezeni kando, upande wa bonde, kilale chini kisije kikabiringika. Palipo na magome yanayoteleza, yabandue watu wakanyage mti mkavu. Fungua mahali pamoja pa kupitia juu au chini ya gogo, ili mtu asipate sababu ya kuzunguka. Basi.

Shina lenyewe liache, hata kama mko wengi. Kusukuma gogo liende bondeni ni wazo linalompendeza kila mtu ambaye hajauliza chini kuna nini. Milima yetu imejaa watu. Chini ya msitu kuna shamba la kabichi, chini ya shamba kuna nyumba, na njia yenyewe inapindapinda, kwa hiyo chini yako ni njia ileile uliyopita robo saa iliyopita, pengine na wenzako waliochelewa bado wako hapo wanapumua. Vijana wa Dar niliwaonyesha hilo kwa kuwaita wenzao kwa sauti. Sauti ilijibiwa moja kwa moja chini ya gogo walilokuwa wamelishika.

Kuhusu kukata, darasa langu lilikuwa lile lile la mzee wa doria, siku walipokuwa na kibali na chenso kwa ajili ya mti mwingine uliofunga njia ya kwenda kwenye chanzo cha maji. Nilitegemea wafike na kuwasha mashine. Walikaa chini kwanza. Mzee akatembea kutoka mizizi mpaka kileleni, anagonga gogo kwa mgongo wa panga, anasikiliza palipo na tundu, anainama kutazama gome.

"Njoo hapa kijana. Upande huu wa mlima. Huko bondeni usikae hata kama nimekufa nakuita."

Akanionyesha. Gogo lililolala juu ya vishikizo viwili, katikati hewa, mgongo wake umebanwa na tumbo lake limevutwa. Ukianza kukata juu, mkato unajifunga na msumeno unanaswa. Ukishindana nalo, tumbo linapasuka kwa ghafla. Lakini likiwa limeegemea upande mmoja na ncha inaning'inia, mambo yanapinduka, juu ndiko kunakovutwa. Gome linakuambia: palipobanwa lina mikunjo, palipovutwa lina nyufa. Halafu akanyoosha panga kwenye kitu ambacho wala sikuwa nimekiona, mti mchanga wa unene wa mkono, umekandamizwa na gogo mpaka umepinda kama upinde.

"Huu ndio utakaokupiga. Lile kubwa limechoka, limelala. Huu bado una hasira."

Mwisho akanipeleka kwenye mizizi. Mti ukiwa umeng'oka, mizizi inasimama wima na udongo wake, na nyuma yake kuna shimo. Watoto wanapenda kucheza humo, na mvua ikinyesha wapo watu wazima wanaojibanza. Ukikata shina karibu na mizizi, uzito uliokuwa unaivuta chini umeondoka; kisiki kinaweza kunyanyuka na kurudi shimoni kwa mara moja, na udongo wote ule. Mzee hakuruhusu mashine iwashwe mpaka alipochungulia shimo mwenyewe, na akamweka mtu asimame pale. Nikakumbuka ule msumeno wa kukunja.

Mwenye msumeno, kwa kweli, alikuwa Mmarekani, na jioni tulipokuwa tunakunywa chai alinieleza mambo ya kwao yaliyonichekesha. Kwao kuna maeneo ya mwituni yanayolindwa kwa sheria ya mwaka 1964, na humo kwa kawaida hata wafanyakazi wa misitu hawatumii msumeno wa injini. Wanakata kwa ule mrefu wa kuvutana watu wawili, na anayejitolea anafundishwa na kupewa cheti kwanza kabla ya kuushika. Mtembeaji wa kawaida akikuta mti njiani anatoa taarifa kwa wanaotunza njia. Nikamuuliza, sasa huku ulitaka kukata kwa cheti gani? Akacheka, akaufungia begini. Ninavyoona mimi, watu wengi wakifika porini mbali na kwao wanadhani hakuna mtu anayelitunza. Kumbe lina watu, ila hawajavaa sare zote.

Sijazungumzia wanaoishi ndani ya gogo lenyewe, na wageni wa vitabu watanilaumu. Ni kweli, gogo linalooza halijafa. Lina uyoga, mende, konokono, miche inayoota juu yake ikiwa salama na maji ya njia. Milima hii ya Tao la Mashariki ina hata vyura wadogo wasiotaga majini kama wenzao, huzaa watoto hai, na maisha yao ni kwenye unyevu wa majani yaliyooza. Lakini nikiwa mkweli, hoja hiyo peke yake haijawahi kumzuia kijana mwenye fulana ya rangi moja. Geti la mzee linamzuia. Watoto wa mkulo chini ya kiatu chake wanamzuia. Vyura namwonyesha baadaye, akishatulia.

Kinachobaki ni kutoa taarifa, na hapo watu wengi wanaharibu. "Kuna mti umeanguka msituni" siyo taarifa. Msitu mzima una miti iliyoanguka. Mimi napiga picha mbili, moja ya njia yenyewe ili ionekane imezibwa wapi, nyingine ya mizizi, na mtu asimame pembeni ili kimo kijulikane. Naandika ni njia gani, kabla au baada ya mto gani, mti gani kama naujua, umelalia upande wa mlima au wa bonde, pana nafasi ya kupita chini au hapana, na kama mzunguko umeshaanza, uko upande upi. Kama ni njia ya wanakijiji kwenda zahanati nalitanguliza hilo kabla ya mengine yote. Namtumia mlinzi kwa simu nikipata mtandao, na huku mtandao unapatikana ukishapanda mgongo wa mlima. Nikisahau kusema kama umeng'oka au umevunjika, swali linarudi kabla sijafunga simu, kwa sababu wa kuvunjika unaweza kuhudumiwa na watu wawili, na wa kung'oka wanakuja na kamba, na mzee wanapita kumchukua kwake.